MCHUMBA ASIYETAKA KUJULIKANA
Utapeli wa mapenzi mtandaoni na wajibu wetu kwa waliopatwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama. Amma baad.



Mada yangu ilipotangazwa, baadhi ya wenzangu walicheka. Wakasema, mwezi huu watu huzungumzia saumu, zaka na Laylatul Qadr, sasa utapeli wa mapenzi unaingilia wapi? Jawabu ni kwamba unaingilia kwenye simu, na simu hatuifungi mwezi ukiandama. Hebu kila mmoja ajihesabu mwenyewe: kutoka taraweh mpaka daku, ni saa ngapi tunakaa na simu mkononi? Usiku, peke yako chumbani, moyo umelainika kwa ibada, halafu ujumbe unaingia: "Assalaamu alaykum ukhty, nimeona maandishi yako nikapenda dini yako." Tapeli wa siku hizi anajua kutoa salamu. Anajua kuandika In shaa Allah na Alhamdulillah. Picha yake ana kanzu nyeupe na nyuma yake kuna Al-Kaaba.

Nina jambo moja kubwa la kusema leo, na mengine yote yanalizunguka hilo. Tapeli wa mapenzi hampati mtu kwa sababu mtu huyo ni mjinga. Humpata kwa sababu amefaulu kumtenga na watu wake. Kwa hiyo kinga yetu ni posa isiyofichwa, na dawa yetu ni kutomwacha peke yake aliyekwisha umia.

MTEGO UNAVYOTEGWA

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini kila hatua yake ni ya kweli na imewapata wengi.

Kuna dada amemaliza chuo, anafanya kazi dukani, na ndiye mweka hazina wa chama chao. Anaandikiwa na mtu anayejiita injinia katika mtambo wa mafuta baharini. Ni mjane, ana mtoto mmoja wa kike, na anatafuta mke mcha Mungu. Kwa nini huwa ni injinia wa baharini, au mwanajeshi, au daktari aliye kwenye nchi ya vita? Kwa sababu kazi hizo zinajibu maswali yako kabla hujauliza. Mbona haji kukuona? Yuko baharini. Mbona video haishiki? Mtandao ni mbovu. Mbona hatoi pesa benki? Akaunti yake haifunguki akiwa kazini.

Wiki ya kwanza ni mapenzi matupu. Anakuamsha daku, anauliza kama umefuturu, anakumbuka jina la mama yako. Wiki ya pili anasema anataka kukuoa. Wiki ya tatu anasema, "Tafadhali usimwambie mtu bado, watu wana husda, watatuharibia." Ndugu zangu, hapo ndipo mlango unapofungwa. Pesa bado hazijaombwa, lakini kazi kubwa imekwisha fanyika. Kuanzia hapo dada huyu hana dada yake wa kumuuliza, hana mama, hana rafiki. Mshauri wake ni mmoja tu, naye ndiye mwizi.

Halafu inakuja zawadi. Ametuma mzigo wenye dhahabu, simu na pesa za harusi. Siku mbili baadaye anapiga mtu anayejiita ofisa wa forodha uwanja wa ndege: mzigo umezuiliwa, lipa shilingi 18,000 kwa nambari hii. Akilipa, inatakiwa 45,000 ya cheti. Akilipa, kuna faini. Kila akitaka kusimama, nafsi inamwambia, ukiacha sasa zile za kwanza zimepotea. Basi anaingiza mkono kwenye pesa za chama, akiamini atazirudisha mzigo ukitoka. Mzigo hautoki, kwa sababu hapakuwa na mzigo.

Kuna mtego mwingine ambao hauombi pesa kabisa mwanzoni. Mpenzi anakuonyesha namna anavyotajirika kwa sarafu za kidijitali. Anakufundisha, unaweka kidogo, unaona faida kwenye skrini, hata unaruhusiwa kutoa kiasi. Ukishaamini unaweka akiba yote, na siku ya kutoa unaambiwa ulipe kodi kwanza. Programu ile ni yao, na tarakimu zile wanaziandika wao. Matapeli wenyewe wanauita mchezo huu kumnonesha nguruwe kabla ya kumchinja. Hilo ndilo jina wanalomwita anayedhani anapendwa.

HAWACHAGUI NCHI WALA ELIMU

Asidhani mtu kwamba haya ni ya maskini au wasiosoma. Nchini Marekani, mwaka 2022 pekee, watu karibu 70,000 waliripoti utapeli wa mapenzi kwa FTC, tume ya kulinda wateja, na hasara waliyoitaja ilifika dola bilioni 1.3. Hao ni waliojitokeza tu. Mwezi wa Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walikamata watu 27 wa genge lililotumia sura za kubuniwa na kompyuta, hata kwenye mazungumzo ya video, na kuchukua takriban dola milioni 46 kutoka kwa wanaume wa nchi mbalimbali. Kwa hiyo ule ushauri wa zamani kwamba "mwone kwenye video utamjua" hautoshi tena.

Mwezi wa Januari 2025 televisheni ya TF1 ya Ufaransa ilionyesha habari ya mwanamke aliyeaminishwa kuwa anapendwa na mwigizaji Brad Pitt. Alitumiwa picha za mwigizaji huyo akiwa kitanda cha hospitali, zilizotengenezwa na kompyuta. Akaambiwa akaunti zake zimefungwa kwa ajili ya kesi ya talaka na anahitaji pesa za matibabu. Mama yule alipoteza yuro 830,000. Sasa sikilizeni kilichofuata. Habari ilipotoka, watu walimcheka na kumtukana mitandaoni kiasi kwamba TF1 ililazimika kukiondoa kipindi chenyewe. Aliibiwa mara moja na matapeli, kisha akapigwa mara ya pili na umma. Nawauliza, aliyekuwa ameibiwa vile vile na kuona kicheko kile, je, kesho yake alikwenda polisi au alinyamaza?

DALILI ZA KUTAMBUA

Ziko nyingi, lakini hizi zikikusanyika mbili au tatu, simama:

1. Mapenzi yanakimbia. Hamjajuana mwezi, tayari unaitwa mke wangu.

2. Anakutoa haraka pale mlipokutana mhamie WhatsApp au Telegram, mahali ambapo hakuna anayewaona.

3. Anataka siri. Kila akitajwa mzazi au wali, ana sababu ya kungoja.

4. Miadi ya kuonana inavunjika kila mara kwa ajali, ugonjwa au kazi.

5. Picha zake ni za mtu mwingine. Zitafute kwa Google Lens, unaweza kuzikuta zina jina jingine.

6. Inakuja dharura ya pesa, na lazima iwe leo.

7. Jina linalojitokeza unapotuma M-Pesa si lake. Atasema ni la wakala, au la binamu, au la wakili. Na jueni kwamba ushuru wa serikali haulipwi kwenye laini ya simu ya mtu binafsi.

8. Anaomba picha za utupu, au anakutumia za kwake kwanza ili uone haya kumkatalia.

Ndugu zangu wanaume msikae mkidhani nazungumza na dada zetu tu. Mtego wa namba nane unawanasa vijana wa kiume sana. Mwezi wa Julai 2024 kampuni ya Meta ilitangaza kuondoa akaunti karibu 63,000 za Instagram nchini Nigeria zilizohusika na kutishia watu kwa picha za utupu. Na dada zetu walioko kazini Saudia, Qatar na Oman, wanaopokea mshahara na kulala peke yao mbali na nyumbani, tuwakumbuke. Mtu aliye mpweke ni rahisi kumteka kwa salamu ya asubuhi.

MIZANI TULIYOPEWA NA DINI

Sisi tuna mizani ambayo wengine hawana. Sura ya Al-Hujurat, aya ya sita, inatuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukajuta. Na ndoa yetu tangu mwanzo si jambo la gizani. Kuna wali, kuna mashahidi wawili, kuna kutangaza. Wazee wetu wa Pwani, mposaji akitoka Lamu kuja kuposa Mombasa, walikuwa wakituma mtu akaulize msikitini anakoswali: ni mtu wa namna gani, ana deni gani, ana mke mwingine? Tuliwaona kama wanachelewesha heri. Kumbe walikuwa wanafanya kazi ambayo hakuna programu ya simu inayoweza kuifanya.

Basi anayekuambia anakutaka kwa nikahi, mjibu kwa adabu: "Alhamdulillah. Msikiti unaoswali unaitwaje, na imamu wake ni nani? Baba yangu angependa kumpigia na kumsalimia. Nipe pia nambari ya ndugu yako mkubwa." Simu ile ipigwe na mzazi, na nambari ya msikiti itafutwe na sisi wenyewe, tusipewe na yeye. Mkweli atafurahi. Tapeli atakasirika, atalia, au atapotea.

Na kuna hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa madrasa anaiweza. Mahari yanatoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke. Ni haki yake. Sasa posa gani hii ambayo binti ndiye anayetuma pesa kila wiki? Nawe kijana wa kiume, mahari utayatoa mbele ya wali na watu wazima. Hayatumwi usiku kwa laini ya mtu hujawahi kuona uso wake.

UKISHAPATWA, FANYA HAYA

Kwanza, acha kutuma, hata shilingi moja. Usimwambie umemgundua, wala usibishane naye.

Pili, usifute kitu. Watu wengi kwa hasira na aibu hufuta mazungumzo yote, kumbe wamefuta ushahidi. Hifadhi jumbe, nambari, picha na risiti za M-Pesa au benki. Ukishahifadhi, mfungie.

Tatu, kama umetuma kwa M-Pesa, ule ujumbe wa muamala upeleke saa hiyo hiyo kwa 456 kuomba pesa zirudishwe. Zikishatolewa huwa ni vigumu, kwa hiyo dakika zina maana. Kama ni benki, ipigie benki yako mara moja. Ujumbe wa kitapeli kwenye laini ya Safaricom utume kwa 333.

Nne, badilisha pini na nywila zako zote. Kama ulimpa nambari ya kitambulisho, iambie benki yako.

Tano, nenda kituo cha polisi ukiwa na mtu wa kukusindikiza, uandikishe ripoti na upewe nambari ya OB. DCI wana laini ya bure, 0800 722 203. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inahusu jambo hili: kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa la kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Kusambaza picha za siri za mtu pia ni kosa chini ya sheria hiyo.

Sita, ukitishiwa kwa picha, usilipe. Ukilipa mara moja umemwonyesha kwamba unaweza kulipa, na atarudi. Mwambie mtu mzima unayemwamini usiku huo huo, na ripoti akaunti ile kwa mtandao wenyewe. Makosa ya picha yana toba baina yako na Mola wako. Usikubali mtu mwovu akuaminishe kwamba maisha yako yamekwisha.

Saba, jihadhari na atakayekuja baadaye akisema yeye ni wakili au mtaalamu wa kompyuta, atakurudishia pesa zako ukimlipa kidogo. Mara nyingi ni wale wale. Mtume (S.A.W.) ametuonya muumini asiumwe mara mbili kutoka tundu moja.

WAZAZI NA NDUGU, HAPA NDIPO KWETU

Nimesema tapeli huvuna kwa kumtenga mtu. Silaha yake ya mwisho ni aibu, na aibu hiyo hatuletewi na yeye. Tunaitengeneza sisi nyumbani. Binti akijua akisema atapigwa kelele, atanyamaza. Akinyamaza, atakopa ili kuziba pengo. Akikopa, atazama.

Yule dada wa mfano wetu, aliyechukua pesa za chama, jioni moja atakaa karibu na mama yake jikoni wakipika sambusa, na atataka kusema. Mama ana nafasi moja tu. Akisema, "Si nilikwambia uache simu?" mazungumzo yamekwisha. Akisema, "Mwanangu, pesa zitatafutwa. Wewe ndiye ninayekutaka. Nieleze tangu mwanzo," basi tapeli ameshindwa, hata kama pesa hazijarudi. Kesho yake wataenda pamoja kwa wanachama, waseme ukweli, waombe mpango wa kulipa kidogo kidogo. Amana ni amana, lazima ilipwe, na kusamehewa na familia hakufuti deni la chama. Lakini deni analolibeba mtu akiwa na watu wake si sawa na deni analolibeba peke yake saa nane za usiku.

Na mara nyingine anayepatwa ni mzazi. Baba amefiwa na mke, au mama ameachwa na watoto walioolewa mbali, na kuna "rafiki" kwenye simu. Enyi vijana, msimnyang'anye mzazi simu kama mtoto. Kaa chini, mpe heshima yake: "Baba, nimefurahi umepata wa kuzungumza naye. Ningependa nami nimjue. Tumpigie pamoja?" Halafu jiulize wewe mara ya mwisho ulimpigia lini. Huenda tapeli alijaza kiti ambacho sisi tulikiacha wazi.

Na tafadhali, tusipige picha mazungumzo ya mtu aliyetapeliwa tukayatupa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, tukasema "ni funzo". Tumefundishwa kuwa anayemsitiri Muislamu mwenzake, Allah naye humsitiri hapa duniani na Akhera. Nambari ya tapeli isambaze. Jina la dada yako lifiche.

NENO KWA WANAOKULA NAULI

Sitashuka bila kusema hili, hata kama litauma. Kuna wenzetu humu humu, vijana wa Kiislamu, ambao mtu akiwatumia nauli ya kuja, wanaila na kuzima simu, kisha wanasimulia barazani watu wakicheka. Kuna kaka anayechati kwa jina na picha ya msichana. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, akakuta chini kuna umajimaji uliofichwa, akamkataza muuzaji na kusema wazi kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Ile ilikuwa nafaka tu iliyolowa mvua. Itakuwaje kuhusu moyo wa mtu na pesa zake? Kufunga mchana kisha kufuturu kwa pesa za kumdanganya mtu, hiyo ni saumu ya namna gani? Toba ya haki ya mtu haikamiliki mpaka haki irudi kwa mwenyewe. Irudishe kabla ya Idd.

Na unapotafuta kazi, angalia. Mwezi wa Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na kama 100,000 Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kutapeli mtandaoni. Wakenya wamo. Mwaka 2022 Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilitoa tahadhari juu ya vijana walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta Myanmar. Kwa hiyo huenda anayekuandikia "nakupenda" ni kijana kama wewe, aliyenyang'anywa pasipoti, anayepigwa asipofikisha kiwango. Hilo halihalalishi utume pesa. Linatuonyesha tu kwamba dhulma hii ina pande mbili, na vijana wetu wanaweza kunasa upande wowote.

Ndugu zangu, usiku wa leo mtakaporudi nyumbani, kila mmoja amtazame mtu mmoja katika familia yake ambaye siku hizi anajifungia na simu na hacheki tena. Usimhoji. Mkaribishe mfuturu pamoja, ukae naye mpaka aseme mwenyewe.

Ewe Mola wetu, tukinge na fitna za dhahiri na za siri. Wape wenza wema wasio na wenza. Wafariji waliodhulumiwa na uwarudishie kilicho bora zaidi. Waokoe walioshikwa katika nchi za mbali. Utusitiri, na utujaalie tuwe wenye kusitiri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.